Wakaguzi wa Hodhi la Mwisho

Kila asubuhi, hata siku zisizo za shule, Kiherehere alipitia kazini kwa mama yake kuwalisha samaki. Jina hilo halikuwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Alilipata mtaani kwa jasho lake mwenyewe: mtu akianguka, yeye wa kwanza kufika, mtu mwingine akiitwa, yeye wa kwanza kuitika.

Mama yake alikuwa mtunza mabwawa katika mgodi uliokuwa juu ya mji. Maji yaliyoosha mawe yenye madini yalitoka huko yakiwa mazito kama uji, yamebeba tope na sumu. Katika bwawa la kwanza yalichanganywa na chokaa ili taka zizame. Katika bwawa la pili yalitulia. Mengi yalivutwa kwa pampu yakarudi kuosha mawe mengine, maana mgodi ule haukuruhusiwa kukimbilia mtoni kila ukishikwa na kiu. Yaliyozidi tu ndiyo yaliyofunguliwa lango yaende mtoni, na hata hayo yalipita kwanza kwenye hodhi dogo la saruji lililokuwa kabla ya lango, lenye perege wadogo, ambamo maji ya bwawa la pili yaliingia kidogo kidogo usiku na mchana.

"Hawa ndio wakaguzi wangu," mama alipenda kuwaambia wageni. "Hawali rushwa. Wanakula makombo ya mkate tu."

Wageni walicheka. Kiherehere naye alicheka, akidhani ni utani mtupu.

"Kazi yako wewe ni kuwalisha," mama alimwambia. "Kazi yao wao ni kuishi."

Sasa, Jumamosi moja Kiherehere alishika kamba ya kuruka akasahau dunia. Jumapili vivyo hivyo. Lango halikufunguliwa mwisho wa wiki, kwa hiyo hakuna mtu aliyekwenda kuchungulia hodhi. Jumatatu asubuhi alipofika na kipande chake cha mkate, wakaguzi wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Mkate ukamponyoka.

"Nimewaua kwa njaa," alinong'ona.

"Mwanangu!" Sauti ya mama ilitoka kwenye kibanda cha pampu. "Wamekula?"

"Wa... wanakula, Mama! Wanagombania!"

Uongo ukishatoka mdomoni huomba wenzake. Kiherehere alichukua chujio la kuopolea majani, akawaopoa samaki wote na kuwatupa kichakani. Kisha alishika ndoo, akakimbilia kijito kilichotiririka kutoka mlimani, juu kabisa ya mgodi, ambako perege wadogo walijaa tele. Alirudi na viatu vimelowa na moyo unadunda, akamimina samaki wapya ndani ya hodhi. Waliogelea huku na huko, wakishangaa makao mapya.

Alikuwa ndiyo kwanza ameficha ndoo, mama yake alipotokea akiwa na Injinia wa mgodi. Mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya vichwa vyao.

"Mabwawa yamejaa hadi ukingoni," Injinia alisema. "Mvua hii ikitukuta hivi, yatafurika. Na kipimo cha mkononi cha kupima sumu majini kimeharibika. Majibu ya maabara yako njiani bado. Wakaguzi wako wanasemaje, Mama Kiherehere?"

Mama aliinama juu ya hodhi, akawatazama samaki.

"Wazima. Wachangamfu kuliko hata Ijumaa."

"Basi leo tunafungua. King'ora cha kwanza watu watoke mtoni, cha pili tunazungusha usukani wa lango."

Kiherehere alishuka kwenda shule akiwa mwepesi kama karatasi. Mambo yameisha, alijiambia. Masikini, hakujua kwamba ndiyo kwanza yanaanza.

Wakati wa mapumziko, rafiki yake Pengo, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya meno mawili ya mbele yaliyokwenda likizo bila kurudi, alikaa karibu naye, kisha akasogea mbali.

"Mwenzangu, unanuka samaki! Umeoga sokoni?"

Kiherehere hakucheka. Yeye si mtu wa kukaa na siri. Akamweleza yote kwa sauti ya chini.

Pengo aliangua kicheko. "Wamekufa kwa njaa ya siku mbili? Wacha wee! Sisi tuna perege kwenye pipa nyumbani. Tuliposafiri kwenda kwa shangazi, hawakupewa hata punje kwa wiki nzima. Tukarudi, tukawakuta wanatukodolea macho kama wenye nyumba. Samaki hafi kwa sababu umeruka kamba, bwana."

"Basi wale wa mama wamekufa kwa nini?"

Pengo alitoa kiazi kitamu mfukoni, akakitafuna kwa meno ya pembeni.

Ndipo maneno ya mama yalipomrudia Kiherehere kichwani, na safari hii hayakuwa utani. Kazi yao wao ni kuishi. Wakaguzi. Walikuwa wanakagua nini, kama si maji? Kama si njaa iliyowaua, basi ni maji. Na maji yale yale yalikuwa yanasubiri kufunguliwa.

Huko mlimani king'ora cha kwanza kikalia.

"Mama yangu hupenda hicho king'ora," Pengo alisema, akiendelea kula. "Maji yakishapita na kutulia, tunashuka na ndoo. Leo anataka kumwogesha Donge." Donge alikuwa mdogo wake, mtoto mnene mwenye mashavu ya kubanwabanwa na kila mpita njia.

Kiherehere alikuwa ameshasimama.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende kwa mama."

"Unaumwa?"

"Bado, Mwalimu. Lakini nitaumwa sana nisipokwenda."

Mwalimu alimtazama usoni, akaona uso usio na mzaha. "Nenda."

Alipanda mlima mbio hadi kifua kikawaka moto. Njiani alifikiri mambo mabaya. Akisema, mama atajua amedanganywa. Injinia atasikia. Mama anaweza kufukuzwa kazi kwa kosa la mtoto. Asiposema, Donge ataogeshwa kwa maji yaliyoua samaki.

"We, shule imehamia huku?" mlinzi wa getini aliuliza, lakini Kiherehere alipita chini ya mkono wake kama upepo.

Mama alikuwa ameshika usukani wa chuma wa lango kwa mikono yote miwili. Injinia alisimama pembeni, kidole juu ya kitufe cha king'ora. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka.

"Mama, usifungue!"

"Kuna nini?"

Kiherehere alifungua mdomo, na hofu ikamchagulia maneno. "Tumbo... tumbo linaniuma."

"Pole, mwanangu. Kakae kibandani, namaliza sasa hivi."

Usukani ulilia, ukaanza kuzunguka. Kiherehere alirukia mikono ya mama yake, akaikamata kwa nguvu zote.

"Nimedanganya! Siumwi! Samaki wamekufa, Mama! Wote! Hawa nimewatoa mlimani asubuhi, wale wako nimewatupa kichakani. Nilidhani nimewaua kwa njaa!"

Mvua ikagonga mabati ya kibanda.

Mama aliuzungusha usukani kurudi ulikotoka, akaukaza hadi ukagoma. Kisha wote watatu walikwenda kwenye hodhi. Wachangamfu wa asubuhi hawakuwa wachangamfu tena. Walikuwa wamejikusanya juu ya maji, midomo wazi, na mmoja alikuwa amelala ubavu.

Injinia alikimbilia bwawa la kwanza. Aligonga pipa la chokaa kwa chuma, likajibu kwa mlio mzito. Chokaa ilikuwa imeingiwa na unyevu wa mvua za wiki iliyopita, ikaganda kama jiwe na kuziba bomba. Huenda tangu Jumamosi hakuna hata kijiko kilichoingia majini.

"Simamisha kuosha mawe!" Injinia alipiga kelele kwenye simu ya upepo. "Ndiyo, yote! Washeni pampu, maji haya yaende bwawa la akiba la dharura!"

"Kazi nzima isimame kwa ajili ya visamaki?" sauti ya mkuu wa zamu ilikwaruza upande wa pili.

"Kwa ajili ya watu walio chini yetu. Zima!"

Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Pampu zikaunguruma. Mvua ikanyesha, maji yakapanda, yakasita karibu na ukingo, kisha polepole yakaanza kushuka.

Mama na binti yake waliketi kibandani, wamelowa. Kiherehere alisubiri kuchapwa kwa maneno. Mama alikamua maji kwenye kanga yake kwanza.

"Wale samaki walifanya kazi yao hadi mwisho," alisema. "Walikuja kunipa taarifa kwamba maji ni mabaya. Wewe ukaichukua taarifa yangu, ukaitupa kichakani."

"Nisamehe, Mama."

"Kusahau kuwalisha, ningekukemea na yangeisha. Ulipoficha, ulinifumba macho, nami nikashika usukani nikiwa kipofu."

"Na sisi tumekosa," Injinia alisema kutoka mlangoni. "Kipimo kibovu, tukawaachia samaki kazi yote. Lango hili halitafunguliwa tena bila kipimo kizima."

"Jioni utakwenda kwa mama yake Pengo," mama aliendelea. "Utamweleza mwenyewe, kwa mdomo huo huo."

Alikwenda. Mama yake Pengo alisikiliza hadi mwisho, Donge akiwa mapajani. Hakumgombeza. Alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi, na Kiherehere akatazama chini.

Wiki iliyofuata, chokaa mpya ikiwa mahali pakavu na kipimo kimetengenezwa, mama alishika usukani tena. Mara ukelele ukatoka kwenye hodhi.

"Mama, simama! Mkaguzi mmoja amelala!"

Wote wakakimbia. Injinia alichovya kipimo: maji safi. Mama aliingiza kidole majini, na samaki akachomoka kama mshale. Alikuwa amejipumzisha kivulini. Mafundi wakacheka hadi wakashika mbavu, na Kiherehere akatamani ardhi immeze.

Mama hakucheka. Alimshika bega.

"Nisimamishe hivi hata mara mia, mwanangu. Kengele ya uongo itanipotezea dakika chache. Ukimya wako ungewapotezea watu uhai."

Kisha akamkabidhi kipande cha mkate, akarudi kwenye usukani, na lango likafunguka.