Valvu ya Wodi ya Watoto Wachanga

Mwizi alikuwa ameacha skrubu zote nne.

Inspekta aliinama juu ya mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Ilikuwa mpya, plastiki ya kufungashia bado imenata pembeni. Hospitali iliipata kwa mkopo wiki mbili zilizopita. Asubuhi hiyo ilikutwa haina valvu, kile kipande cha kudhibiti nguvu ya hewa. Kufuli la wodi lilikuwa zima. Skrubu zilipangwa juu ya shashi safi ndani ya bakuli la chuma, kama vifaa vya upasuaji.

"Ni fundi wa umeme huyo!" daktari mkuu alifoka. "Mkamate. Kesho waliotukopesha wanakuja kuiona ikifanya kazi."

"Fundi ana ufunguo?"

"Hana. Funguo ni mbili. Mmoja wangu, mwingine wa sista."

"Basi kikulacho ki nguoni mwako, daktari. Nani alifundishwa kuitumia?"

Daktari akaivuta tai yake. "Walioileta walituonyesha."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa hivi. Pamoja na kupiga picha."

Inspekta aliigeukia meza ya wodi. Kituoni vijana walimwita Babu Polepole, kwa vile alikuwa na desturi ya kuuacha ukimya umfanyie kazi. Alivuta daftari la wodi, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto mmoja tu ndiye aliyewahi kuwekwa kwenye mashine ile. Jumanne. Safu ya mwisho ilisomeka: amefariki. Mwandiko wa sista ulinyooka kurasa zote. Mstari huo peke yake ulitetemeka.

Alimkuta sista stoo, anakunja shuka. Mwanamke wa makamo, miaka ishirini na miwili katika wodi hiyo hiyo moja.

"Sista, mwizi wa kuuza angebeba mashine nzima. Wewe umechukua kipande kimoja. Kwa nini?"

"Nani kasema ni mimi?"

"Mwandiko wako wa Jumanne."

Shuka likamponyoka.

"Kitabu cha maelekezo ya mashine kimeandikwa kwa lugha nisiyoijua, afande," alisema. "Nilibahatisha. Mtoto alikuwa anahangaika, nikaongeza hewa. Nikaongeza tena. Mapafu yakapasuka."

"Daktari alijua?"

"Nilimwomba tupelekwe mafunzo kwanza. Akasema mafunzo hayamo kwenye mkopo. Akaniagiza leo nimuweke mwingine, wageni wakija kesho wamkute." Alijifuta macho kwa kiganja. "Yule wa kwanza nilimuua kwa kutojua. Huyu ningemuua nikijua."

"Yuko wapi huyo?"

"Pale wodini, dirishani. Nimemuweka kwenye mtungi wa oksijeni, njia yetu ya zamani. Anapumua."

Akafungua kabati, akatoa valvu iliyoviringishwa kwa bandeji. Inspekta aliipokea kwa mikono miwili. Katika kazi yake alishapokea mapanga, bastola, hata sumu. Hakuna kilichowahi kumlemea kama kipande kile kidogo.

"Lazima niandike maelezo yako, dada yangu. Kisha ya daktari, na yake yatakuwa marefu zaidi."

"Andika. Ila anza na mtoto."

"Jina lake?"

"Walikuwa hawajampa. Andika wa kike, siku mbili."

Inspekta akafungua ukurasa mpya, akaandika.