Somo Moja Mbele

Steshenari ya soko la Mwanga ilikuwa imefurika watu. Wengine walitaka kutoa kopi, wengine picha za pasipoti, na wote walimkodolea macho binti aliyeng'ang'ania kompyuta ya kona kwa saa nzima. Yunisi wa Ujiji, ndani ya gauni lake la kitenge cha buluu, alikuwa akijifunza kutengeneza tovuti. Alikuwa amefungua masomo kumi na moja ya mtandaoni kwa pamoja, na kila moja lilimwambia lake.

"Hilo la kwanza lifunge, dada," sauti ilisema nyuma yake. "La zamani hilo. Siku hizi hawafanyi hivyo."

Alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vyenye vumbi jekundu la milimani Kalinzi. Alijitambulisha kuwa Leodgar, fundi wa tovuti. Akamwandikia sehemu tatu tu za kujifunzia: moja yenye masomo ya bure yaliyopangwa tangu mwanzo, pamoja na mazoezi; ya pili yenye maelezo ya kuangalia pale anaposahau; ya tatu jukwaa la Kiswahili ambako watengeneza tovuti huulizana maswali. Hiyo ya tatu, alisema, asihangaike nayo kwanza. Akikwama, ampigie yeye.

Yunisi alikwama mara nyingi, na mara nyingine kwa makusudi. Leodgar hakujibu papo hapo. Alimwomba saa moja, kisha akapiga na kueleza taratibu mpaka Yunisi akaelewa. Mwezi wa tatu walikuwa wakiitana mpenzi, na maswali yenyewe yalikuwa kisingizio tu.

Ndipo Mama Veneranda, mwenye nyumba ya wageni kule Bangwe, alipompa Yunisi kazi yake ya kwanza. Tovuti ilipendeza kwenye kompyuta, lakini kwenye simu picha zililalia maneno. Alimwuliza Leodgar Jumanne asubuhi. Saa moja ikapita, kisha mbili. Simu ya Leodgar haikupatikana. Alikuwa amepanda milimani Kalinzi, kwenye shamba la kahawa la baba yake. Yunisi akafungua jukwaa.

Swali lake lilikuwapo tayari, neno kwa neno, limeulizwa asubuhi ileile na Leodgar. Akarudi nyuma, akayakuta yote aliyowahi kumwuliza. La mwanzo kabisa liliandikwa wiki moja kabla ya siku ile ya Mwanga: "Mimi ndiyo naanza. Nianzie wapi?" Chini yake mtu alikuwa ametaja sehemu zilezile tatu.

Yunisi hakujua acheke au alie. Mtu huyu amemdanganya, au amemhangaikia? Hata zile sifa alizommwagia kila alipomaliza zoezi, alikuwa na ujuzi wa kuzitoa au alizibahatisha? Alitengeneza tovuti kwa jibu lililokuwa pale, akaikabidhi, na kwa siku nne hakupokea simu ya Leodgar.

Jumamosi Leodgar alimfuata Bangwe, akamkuta upande wa ziwani akipiga picha mpya za vyumba za kuongeza kwenye tovuti.

"Ulisema wewe ni fundi," Yunisi alisema bila kumwangalia.

"Nilisema. Nilikuona, nikatafuta cha kusema, kikatoka hicho." Leodgar alikuwa akitazama viatu vyake. "Nilikuwa somo moja mbele yako. Kila nikitaka kukwambia ukweli, unaniuliza swali jingine. Sasa umenipita, Yunisi. Lile la simu mimi bado silielewi."

Yunisi alijikuta anamweleza. Alichora kwa kidole kwenye mchanga, Leodgar akachuchumaa na kuuliza kama mwanafunzi, na hasira aliyokuja nayo Yunisi asubuhi ikawa haijulikani imekwenda wapi. Walipomaliza, Leodgar alibaki amechuchumaa.

"Nataka nikuoe," alisema.

"Na hilo umeliuliza kule jukwaani?"

"Hilo sijamwuliza mtu."

Yunisi alifuta michoro yake mchangani kwa kiganja. Bado hakujua kama amemsamehe. Kisha akamwambia aje nyumbani kwao Ujiji Jumapili baada ya misa, na kwa mama yake aseme ukweli tangu sentensi ya kwanza.