Nyamizi na Kitufe cha Kufutia

Nyamizi ana miaka saba. Anaishi na mama yake, wawili tu, kwenye chumba kimoja huko Tabora.

Mama ni mdogo bado, na huogopa vitu vingi. Akiogopa, huongea haraka, kama mtu anayekimbiza kuku.

"Nyamizi, usiguse jiko, litakuunguza. Usiguse simu, itaanguka, itapasuka, tutafanyaje sasa? Weka chini. Polepole. Hapo hapo."

Nyamizi huweka chini. Polepole. Hapo hapo.

Siku moja, shuleni, ilikuwa zamu ya darasa la pili kuingia chumba cha kompyuta. Watoto wakavua viatu mlangoni, wakaingia peku, kimya.

Sakafu ilikuwa ya baridi. Kompyuta zilikuwa zikikoroma kidogo, vuuu, vuuu, kama paka walioshiba.

Kompyuta moja, watoto wawili. Nyamizi alikaa na Masele.

"Leo kila mtoto ataandika jina lake mwenyewe," akasema Mwalimu Kulwa. "Halafu nitayachapa majina yote kwenye karatasi, niyabandike ukutani."

Masele hakungoja. Ta, ta, ta. Vidole vyake vikarukaruka.

M, A, S, E, L, E. Jina likakaa kwenye kioo, kubwa, jeusi.

"Zamu yako," akasema Masele.

Mikono ya Nyamizi ikaingia chini ya mapaja. Ikatulia huko.

"Mbona huandiki? Mikono yako imelala?"

"Haijalala."

"Basi iamshe. Usipoandika, ukutani hutakuwepo. Watu watasema umehama."

Nyamizi alitaka sana kuwepo ukutani. Lakini vitufe vilikuwa vingi mno, na labda kimoja kati ya hivyo kinaharibu. Hakujua ni kipi.

Mikono ya Nyamizi ikazidi kuingia chini ya mapaja. Ikatulia huko.

Mwalimu Kulwa akaja, akachuchumaa kando ya kiti.

"Unaogopa nini, Nyamizi?"

"Nitaiharibu," akasema Nyamizi, kwa sauti ndogo.

Mwalimu hakucheka. Hakumvuta mkono. Alifikiri.

Halafu akafungua kiganja chake chote, akakiweka juu ya vitufe. Paaa.

Herufi zikamwagika kwenye kioo, hjkgfdss, hjkgfdss, chafuchafu, mbele ya jina la Masele.

"Mwalimu ameharibu," akanong'ona Masele.

Nyamizi akanusa. Hakuna moshi. Akasikiliza. Vuuu, vuuu. Kompyuta ilikuwa inaendelea na mambo yake.

"Nimekosea," akasema Mwalimu Kulwa. "Unakiona kitufe kile, chenye mshale unaotazama nyuma? Hicho kinafuta. Nyamizi, naomba unifutie."

Nyamizi akafikiri. Aliyechafua ni mwalimu. Yeye anaombwa kusafisha tu. Na kusafisha anajua, kila asubuhi anafagia chumba na mama.

Kidole kimoja kikatoka chini ya paja. Kikasimama hewani. Kikashuka.

Ta.

Herufi moja ikaondoka.

Ta. Nyingine. Ta, ta, ta, zote zikaondoka, kioo kikawa safi, likabaki jina la Masele.

"Mwalimu, inatoka."

"Inatoka," akasema Mwalimu Kulwa. "Kompyuta haina kinyongo. Ukishafuta, yenyewe imesahau."

Akainuka, akaenda kwa watoto wengine. Hakusimama kumwangalia.

Nyamizi akaitafuta N. Akaiona. Akaibonyeza, akaishikilia kwa nguvu isije ikatoroka.

NNNNNNNNNNNN.

"Hee, Nyamizi," akasema Masele. "Hizo N zinatosha ukoo mzima."

Mikono ya Nyamizi ikataka kurudi chini ya mapaja. Ikaenda kidogo. Ikasimama. Ikarudi mezani.

Ta, ta, ta, ta. N zikaondoka moja moja, ikabaki ile ya kwanza.

Y. A. M. I.

"Z iko wapi?"

"Pale chini kabisa, kushoto," akasema Masele. "Inajifichaga hapo."

Z. I.

Mashine ya kuchapa ikasema krrr, krrr, karatasi ikatoka ina joto. Na ukutani, chini ya Masele, akakaa Nyamizi.

Jioni Nyamizi akamwambia mama.

Mama akasimama na mwiko mkononi. "Umegusa? Kompyuta ya shule? Ikazima? Ilitoa cheche? Mwalimu alikuwepo? Nyamizi, niambie ukweli, ilizima?"

"Haikuzima. Niliandika N nyingi kwa makosa. Nikazifuta."

"Zikafutika?"

"Zote. Nikaacha moja."

"Na hakuna aliyekugombeza?"

"Hakuna. Masele alinicheka. Halafu akanionyesha Z."

Mama akakaa kwenye kigoda. Akamtazama Nyamizi, akaitazama mikono ya mwanawe.

"Mama," akasema Nyamizi, "ugali unaungua."

Mama akacheka kidogo, akaugeuza ugali.

Wakala. Wakaosha vyombo. Taa ikazimwa, wakajifunika shuka moja.

"Nyamizi."

"Abee, mama."

"Mkirudi tena kwenye kompyuta, utaandika nini?"

"Jina lako."

"Mama Nyamizi?"

"Hapana. Lako lenyewe. Ila sijui linaandikwaje."

Mtaani, dukani, kisimani, wote humwita Mama Nyamizi. Lile jina lingine lilikuwa limekaa ndani siku nyingi.

Akautafuta mkono wa mwanawe gizani. Akaufungua. Akaandika kwenye kiganja kwa ncha ya kidole, polepole, herufi moja moja.

W. A. N.

"Inatekenya, mama."

"Vumilia, bado mbili."

D. E.

"Wande," akasoma Nyamizi.

"Ndiyo," akasema mama. "Ndiye mimi."

Nyamizi akafunga kiganja, Wande asije akamwagika. Akalala hivyo hivyo, mkono umefungwa. Na mama akaufunika kwa mkono wake, mpaka naye usingizi ukamchukua.