Bamba Chini ya Injini

Kila akitoka shule, Chiriku alivua sare, akafagia gereji ya mjomba wake, kisha akaosha pikipiki ambayo dada yake aliitumia kushindana katika mbio za porini. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mjomba, hili bamba la chuma chini ya injini la nini? Zito kama jiwe la kusagia!"

"Ni ngao hiyo, mama. Huko porini mawe hayana adabu."

Siku ya mbio kubwa za mwaka, mpinzani mmoja alipita akicheka. "Dada, hiyo pikipiki au trekta? Utafika sisi tumeshaoga!"

Dada alicheka tu. Chiriku alinuna. Mjomba alikuwa amekwisha kukagua kila nati. Alipokwenda kunywa chai, na dada kuvaa, Chiriku alichukua spana, akajilaza chini ya pikipiki, akalifungua bamba na kulificha kwenye gari lao, chini ya magunia. Alitaka dada awe mwepesi kama unyoya.

Kweli, dada aliruka kama swala. Mzunguko wa kwanza aliongoza, na Chiriku akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mzunguko wa pili, kwenye korongo la mawe, mngurumo ulikatika. Dada alirudi kwa miguu akiisukuma pikipiki, oili ikichora mstari mweusi nyuma yake. Jiwe lilikuwa limepasua kasha la injini.

"Mjomba, umesahau kufunga bamba?" dada alifoka. "Mwaka mzima nimejiandaa!"

Mjomba aliinama, akapapasa matundu matupu ya bolti. "Nilidhani nimelifunga... Labda ni uzee, mwanangu. Tafuta fundi mwingine. Mkono unaosahau, leo utavunja injini, kesho shingo ya mtu."

Chiriku alilitupia jicho gari lenye magunia. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mjomba alikuwa akiitazama mikono yake kana kwamba si yake.

"Mjomba hakusahau," alisema huku akilia. "Ni mimi. Nililifungua ili uwe mwepesi, dada."

Dada alivua glavu polepole. "Ungeniuliza, mdogo wangu. Ungeniuliza tu."

Wiki iliyofuata mjomba alilichomelea kasha, ufa ukaziba. Chiriku alilirudisha bamba kwa mikono yake mwenyewe, na mjomba akakagua kila bolti. Injini ilinguruma tena, ila mbio za mwaka ule zilikuwa zimekwenda zao.

"Pikipiki nyepesi huwahi kuondoka, iliyo imara ndiyo hufika," mjomba alisema akifuta grisi. "Ukiona kitu kizito, uliza kwanza kinazuia nini kabla hujakitupa. Na ukikosea, sema. Wewe ulisema, ndiyo maana mimi bado ni fundi."

Chiriku alimtazama dada yake. Dada hakutabasamu bado, ila alisogea kidogo kwenye benchi, akampisha akae.