Dalali wa Programu

Wana Isiolo wenzangu, kisa hiki kimetokea Wabera, hapa hapa mjini kwetu, nami nakisimulia bila kumpendelea mtu.

Nyumba ya Abdighani ilikuwa tulivu. Binti yao Deka akishaenda shule, mume na mke walikaa meza moja, kila mtu na kompyuta yake, chupa ya chai katikati. Abdighani alikuwa mwandishi wa programu aliyechoka kuajiriwa Nairobi. Mkewe, Shamis, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alifundishwa kuandika programu na mumewe, akaiweza mpaka akaacha chaki.

Kisha Abdighani akaona kuandika programu kunamzeesha. Akataka kuwa meneja wa miradi na mshauri wa kujitegemea: yeye atafute wateja na kusimamia, Shamis aandike. Si vibaya, wengi wamefanya hivyo wakafaulu. Wakapatana kwamba mradi wa kwanza ukianguka, Abdighani atarudi kuajiriwa Nairobi na kuwaacha mkewe na mtoto hapa.

Mradi wenyewe ulitoka kwa akina mama wa Ngaremara, nje ya mji, wanaouza maziwa ya ngamia, wakiongozwa na Mama Abiba. Walitaka programu ya simu: kila mama aandike ana maziwa kiasi gani, dereva wa kuyaleta mjini aone aanzie wapi kuyachukua.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia. Marehemu baba yake Abdighani alikuwa dalali wa ngamia. Dalali tunamjua: hushika mkono wa muuzaji chini ya shuka, wakaelewana kwa vidole, kisha humwendea mnunuzi vivyo hivyo. Wawili hao wakizungumza wenyewe, dalali hana kazi. Abdighani alikulia humo, na alipokuwa meneja hakujiuliza kama programu inauzwa kama ngamia.

Alimwambia Abiba kwamba programu inaandikwa na vijana wake wa Nairobi. Akamwambia Shamis kwamba akina mama wale wanajua Kiborana tu, naye hakijui, kwa hiyo hakuna haja ya kuwafuata.

Abiba alimwonya mapema.

"Wewe kijana, huko tunakamulia netiweki hakuna. Mpaka ufike barabara ndio simu inashika. Hao vijana yako wanajua?"

"Wanajua, mama. Wameshaliangalia hilo."

Hakuwa amemwambia mtu. Wakati huo alikuwa akihangaikia kazi nyingine Marsabit na nyingine Meru, akasahau. Shamis alipouliza kama wateja wana neno, alijibu, "Wamefurahi sana, Mama Deka. Wewe andika tu."

Siku ya kuanza, akina mama waliacha desturi yao ya kumtuma mtu barabarani ampigie dereva. Waliandika kwenye simu, wakangoja. Ujumbe haukutoka. Dereva alitazama simu yake, akaona Ngaremara hakuna maziwa, akaenda upande mwingine. Maziwa ya ngamia huvumilia kuliko ya ng'ombe, lakini jua la kule halina huruma. Yalimwagwa, na hakuna mama wa Kiborana anayemwaga maziwa kwa moyo mweupe. Jioni hiyo kuna watoto waliokunywa chai ya rangi wakalala, na inaniuma kuliandika hilo.

Kesho yake Abiba alifika Wabera. Abdighani alikuwa ametoka. Shamis ndiye aliyefungua mlango.

"Salaam aleikum, binti yangu. Natafuta bwana ya hii nyumba. Maziwa yetu imeharibika yote. Anasema kuna vijana Nairobi wanaandika hii kitu. Nataka kuwaona."

Shamis aliduwaa. Mama ambaye Abdighani alisema anajua Kiborana tu alikuwa akimsemesha kwa Kiswahili.

"Mama, hakuna vijana," alisema. "Ninayeandika ni mimi. Karibu ukae."

Abiba alikaa, akaeleza habari ya netiweki. Kumbe marekebisho yalikuwa madogo: mama mmoja aandike ya wenzake wote, simu iyahifadhi, kisha iyatume akifika barabarani. Shamis angeambiwa mapema, angeyamaliza asubuhi moja.

Abdighani aliwakuta wakinywa chai.

"Mama, mambo ya ufundi niachie mimi," alianza. "Nitaongea na..."

"Na nani?" Shamis alimkatiza. "Baba Deka, utaongea na nani?"

Abdighani akamgeukia Abiba.

Abiba hakupaza sauti. "Kazi hatukatai. Huyu binti tunamtaka. Wewe pumzika."

Habari zilifika Meru na Marsabit kabla ya Abdighani, na kazi alizozihangaikia wakapewa wengine. Siku Abdighani alipoondoka kwenda Nairobi, kama walivyopatana, Shamis hakumwomba abaki. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Leo Shamis huenda Ngaremara mwenyewe, na maziwa yanafika mjini. Abdighani yuko Nairobi, ameajiriwa, anaandika programu. Meneja wake hamruhusu kuzungumza na mteja hata mmoja.

FUNZO

Vijana wetu mnaotoka kwenye kuandika programu na kuingia kwenye usimamizi na ushauri, kazi yenu ni kuwakutanisha watu. Mteja akikwambia jambo, lifikishe siku hiyo hiyo kwa anayeandika. Anayeandika akiwa na swali, mpeleke kwa mteja aulize. Na usifikishe uongo nyumbani kwako kwa jina la kazi. Abdighani aliogopa kwamba wale wanawake wawili wakijuana watamwacha. Wangejuana mapema, wangekuwa naye hadi leo.