Mchanga wa Ngumbo

Paneli moja ya zege ilitoa jasho. Ilikuwa adhuhuri ya kiangazi, Mbinga nzima imekauka, na hosteli mpya ya chuo haijamaliza hata muhula mmoja. Joakim Ndunguru, aliyesimamia ujenzi wake, aliigusa paneli hiyo kwa nje akaikuta baridi. Ilinuka usipa wabichi.

"Shikamoo baba," Beatha alimsalimu kutoka dirishani. "Ukuta wako umeanza biashara ya samaki."

Beatha alikaa chumba hicho pamoja na Eunice, binti wa Joakim. Eunice hakucheka.

"Baba, humu ukutani kuna mtu anagonga," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa ananiita jina."

Joakim alisema ni bomba linavuja, ingawa alijua upande ule hauna bomba. Eunice akaanza kukohoa maji, na daktari hakuona ugonjwa. Ndipo Joakim alipoteremka hadi Ziwa Nyasa kumchukua Mzee Stephano Ngatunga, mganga wa Ngumbo.

Mzee aliweka kiganja kwenye paneli, akakiondoa upesi.

"Mchanga mliuchota wapi?"

"Kwenu Ngumbo, Mzee, nyuma ya majabali, mwezi wa Juni. Paneli tulizifyatulia Mbamba Bay, tukazipandisha kwa lori."

"Hapo jini wa maji alimshika Victor Haule, mvuvi wetu, akazama, na Juni matanga yake yalikuwa hayajaanuliwa. Mahali kama pale hatuchoti hata maji ya kunywa. Hamkuona mitumbwi yote imepinduliwa ufukweni kwa msiba?"

"Tuliiona. Tulidhani mnaikarabati. Sisi ni watu wa kahawa, Mzee, mambo ya ziwa hatuyajui. Tuing'oe hii, tuirudishe ziwani?"

"Mchanga ule uliingia katika hii tu?"

"Katika zote."

"Jini akiingia nyumbani kwa mtu, namtoa. Huyu hakuingia. Mmemjengea."

Hata hivyo alinyunyiza unga chini ya ukuta na kuomba kwa Kinyasa, na unga ukalowa palepale ukawa uji wa kijivu, kisha mlio wa kugonga ukasikika ndani ya paneli ile, ukahamia ya juu yake, ukaenda kando, ukapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka uso mzima wa jengo ukawa unagongwa kwa ndani, na wanafunzi wakatoka mbio na vitabu mikononi. Mzee Stephano alichukua kikapu chake, akaondoka bila kuaga.

Joakim alimpeleka Eunice nyumbani Mpepai, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma. Kikohozi kilikoma siku hiyohiyo. Mama yake, Notburga, alilia kwa furaha akampakulia ugali, na Joakim, akimtazama mtoto akila, alihisi mabega yake yanalegea.

Simu ikaita. Alikuwa Beatha, aliyerudi hosteli kuchukua godoro lake.

"Baba," alinong'ona, "kwa nini umemwacha Eunice huku? Yumo ukutani. Analia, anasema umeondoka na mtu mwingine."

Mezani, binti aliacha kula. Alimtazama Joakim kwa upole.

"Ni nani huyo, baba?"