Muuza Chumvi wa Kwenye Skrini

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya mtaa wa Majengo Tereza alipotoka kwenda kuchukua simu yake. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, lakini kibanda cha Gelasius kilikuwa na sola. Mbele Gelasius alichaji simu za watu. Nyuma ya pazia aliweka skrini kubwa, ambapo vijana walilipia kucheza gemu. Tereza hakuwahi kuvuka pazia lile. Alikuwa mjane, matanga ya mumewe yalikuwa yameanuliwa juzijuzi tu, na mambo ya vijana hayakumhusu.

"Shikamoo, Mama Lucia."

"Marahaba, mwanangu. Imejaa?"

"Imejaa mpaka inacheua."

Tereza alitabasamu kidogo, akanyoosha mkono apokee simu. Ndipo aliposikia, nyuma ya pazia:

"Karibu, msafiri. Chumvi ya Uvinza hii, si mchanga."

Mkono wake ukabaki hewani.

Sauti ile aliijua. Besi nene, yenye mkwaruzo mwishoni. Sauti iliyobeba kwaya ya parokia miaka na miaka. Sauti ya Osward, mume wake, ambaye yeye Tereza ndiye aliyemfumba macho alipokufa.

"Gelasius... nani yuko humo ndani?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nilidhani unajua. Ni gemu tu."

Hapo akakumbuka. Vijana fulani walikuja kutoka Dar es Salaam, wakitengeneza gemu la misafara ya kale, ile ya pembe na chumvi iliyokwenda mpaka ziwani. Walimkuta Osward soko la Kashaulili akinadi chumvi yake, wakaipenda sauti, wakairekodi mchana mmoja. Alirudi nyumbani akicheka. "Mke wangu, nimepandishwa cheo. Sasa nawauzia mababu." Kisha maisha yakaendelea, maradhi yakaja, na jambo lile likasahaulika.

Gelasius alifungua pazia. Kwenye skrini kulikuwa na soko la zamani, na pembeni kabisa mzee mmoja amekaa kwenye mkeka, chumvi mbele yake. Sura haikuwa ya Osward. Sauti ilikuwa yake yote.

"Si mtu mkubwa kwenye gemu," alisema Gelasius. "Mchezaji anapita, ananunua chumvi, anaondoka. Anasema maneno matatu basi. Anakaribisha. Halafu anasema, 'Onja kwanza, ulimi hauna shemeji,' yaani haupendelei mtu. Ukiondoka anakuambia, 'Nenda salama, njia ina wenyewe.'"

Tereza alikaa kwenye benchi. Akasikiliza yote matatu. Akaomba yarudiwe.

Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Jumuiya ikasali bila yeye. Bintiye Lucia, mwenye mimba ya kwanza na aliyekaribia kujifungua, alimuuliza huwa anakwenda wapi jioni. Alijibu kwamba anakwenda kuchaji simu. Jioni nyingine umeme ulikuwepo, na Lucia aliitazama taa, kisha akamtazama mama yake.

Ikafika jioni ambayo vijana hawakuja. Gelasius alikuwa nje akizungumza na mteja. Pedi ya kuchezea ilikuwa mezani, haijaguswa na mtu.

"Mama Lucia."

Tereza aligeuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Mama Lucia... mbona umekonda hivyo?"

Mzee wa kwenye mkeka alikuwa anamtazama yeye.

Harufu ikaingia kibandani. Chumvi mbichi. Na udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Baba Lucia," alinong'ona. Alijua angepaswa kufanya ishara ya msalaba. Mkono haukuinuka. Moyo ulikuwa umetangulia. "Rudi nyumbani."

"Mfanyabiashara hatoki bure. Nitarudi. Nipe kile ambacho hakijapewa jina."

Hakuelewa. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanashuka mashavuni mpaka kwenye midomo.

"Onja kwanza," ilisema sauti, taratibu, kwa upendo. "Ulimi hauna shemeji."

Akayameza.

Kimya.

"Umeonja."

Miaka yote Osward aliuza kwa sheria moja: anayeonja akanyamaza, amekubali. Tereza alinyanyuka, akatoka bila kuaga.

Lucia alikuwa amesimama mlangoni kwao, mikono yote miwili tumboni.

"Mama... mtoto ameacha kucheza."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Alikuwa anacheza, mara akatulia tu, kama mtu aliyeitwa."

Kile ambacho hakijapewa jina.

Tereza alimwita jirani yao Lidia, ampeleke Lucia hospitali haraka. "Na wewe?" Lidia aliuliza. "Nawafuata." Lidia alimtazama kwa mshangao. "Mwanao yuko hivi, wewe unakwenda wapi?" Tereza hakungoja. Alikimbia kurudi kwa Gelasius, rozari mkononi.

"Washa, mwanangu. Na usiondoke."

Skrini ikawaka. Mzee alikuwepo.

"Sichukui," Tereza alisema. "Mali yako baki nayo. Mtoto si wangu wa kubadilisha."

"Umeonja, Mama Lucia."

Gelasius alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Mama... hayo maneno hayamo kwenye gemu."

Tereza alipiga magoti. Kila jioni ya ndoa yao walisali pamoja, yeye akianza, Osward akiitikia. Kama ni pepo, aliwaza, atakimbia. Kama ni yeye, ataitika.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Alipofika mwisho, sauti ikapokea palepale, kwa besi ileile: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya..."

Ikakwama.

"Sasa na saa ya... sasa na saa ya..."

"Imeganda," Gelasius alinong'ona. "Gemu huwa zinaganda."

Lakini Tereza alishaelewa kwamba neno lililoishinda ni 'kufa', na huruma ikampata kubwa kuliko hofu. Sauti hii ilichukuliwa Osward akiwa mzima. Haikulala naye kitandani akiugua. Haikwenda makaburini. Ndugu wote walipigiwa simu, ila hii hapa hakuna aliyeipa taarifa ya msiba.

"Baba Lucia," alisema polepole. "Ulikufa. Ulikufa mikononi mwangu. Tulikuzika."

Sokoni kukawa kimya. Hata ndege wa kwenye gemu walinyamaza.

Mzee alikunja mkeka wake. Akasimama. Akaanza kutembea, si kuelekea barabara ya msafara, bali kuja kwao. Akawa mkubwa. Mkubwa zaidi. Akajaza skrini mpaka ikawa giza tupu.

Pazia likatikisika.

Harufu ya udongo ilipita begani kwa Tereza, ikatoka nje.

Mwanga uliporudi, mahali pa mkeka palikuwa patupu.

"Yule hakutengenezewa kutembea," Gelasius alisema. "Anakaa tu, mama. Miaka yote anakaa tu. Amekwenda wapi?"

Hospitali, muuguzi alimpokea akitabasamu. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, alisema, ila Lucia atalala hapa aangaliwe.

"Alishtuka ghafla akaanza kucheza," Lucia alisema kwa uchovu. "Mateke mazito, Mama. Sijawahi kuyasikia hivyo."

Lidia akaenda kutafuta chai. Tereza alikaa kando ya kitanda, akamshukuru Mungu, akatoa rozari.

"Tusali, mwanangu. Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

Akamaliza sehemu yake. Itikio likaja kwa mnong'ono, zito, la chini.

"...utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Lote. Bila kukwama.

Tereza aliinua macho.

Lucia alikuwa amelala. Midomo yake imefungwa.

Sauti ilikuwa imetoka chini ya khanga, pale mikono ya binti yake ilipopumzika.

Vidole vya Tereza vilisogea mpaka kwenye punje iliyofuata. Alifungua kinywa aanze tena... akakaa hivyo muda mrefu, kwa maana alijua kwamba akianza, ataitikiwa.